Uchungu wa kura na uchungu wa unga

Msomaji wetu, mwalimu wa shule ya msingi ya kibinafsi jijini Kisumu, ameniandikia hivi:

"Mwaka 2022 nilimpigia Baba, Raila Odinga, kura, akatangazwa ameshindwa. Dada yangu ameolewa karibu na Eldoret. Yeye na mumewe hulima mahindi, nao walimpigia Ruto. Tangu wakati huo unga, mafuta na makato ya mshahara yamenikaba koo. Huku kwetu watu husema kura ziliibwa, na ndiyo maana uchumi ukaharibika. Shemeji husema sina lolote ila uchungu wa kushindwa. Nani kati yetu anasema kweli? Na 2027 ikifika, nijisumbue kupanga foleni tena?"

Dada yangu, nimekaa na barua yako siku kadhaa, kwa sababu maswali haya nimeulizwa mara nyingi kwenye matatu, matangani, hata kanisani, lakini mara chache kwa uwazi huu. Jibu langu ni kwamba ugumu wa maisha yako haukuzaliwa Bomas, ukumbi wa Nairobi yalikotangazwa matokeo ya urais, tarehe 15 Agosti 2022. Sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa imeshatiwa sahihi miaka kadhaa nyuma, na yeyote ambaye angeapishwa angeukuta mlangoni. Ila nani aubebe, na kwa haraka gani, hilo liliamuliwa baada ya uchaguzi. Hapo una kila sababu ya kukasirika, na shemeji yako pia anayo, hata kama hajakwambia.

Nianze na kura, kwa sababu najua hutanisikiliza kuhusu bei kabla sijaligusa hilo.

Usiku ule wa Agosti nilikuwa mwangalizi katika shule moja ya msingi mashariki mwa Nairobi. Msimamizi wa kituo alikuwa akiinua kila karatasi, anaitaja, anawageuzia mawakala waione, kisha anaiweka kwenye fungu lake. Kila iliyokuwa na shaka walibishana juu yake. Karibu na alfajiri Fomu 34A, fomu ya matokeo ya urais ya kituo, ilijazwa, mawakala wa pande zote wakatia sahihi, ikapigwa picha kwa kifaa cha tume ya uchaguzi, na nakala ikabandikwa mlangoni. Vituo vilikuwa 46,229 nchi nzima, na picha za fomu hizo ziliwekwa hadharani, mtu yeyote mwenye simu akaweza kuzifungua na kujumlisha mwenyewe. Vyombo vya habari vilijaribu. Vyama vilijumlisha. Jambo kama hilo halikuwahi kutokea kwetu kwa ukamilifu ule kabla ya hapo.

Matokeo yaliyotangazwa yalikuwa kura 7,176,141 kwa William Ruto na 6,942,930 kwa Raila Odinga, tofauti ya kura 233,211. Tazama pia hesabu nyingine ambayo haitajwi sana: Ruto alivuka nusu ya kura halali kwa takriban 69,600 tu. Kura hizo zingeenda upande wa pili, tungeingia duru ya pili. Ushindi mwembamba namna hiyo huacha nusu ya nchi ikihisi imeporwa hata pale ambapo kila karatasi imehesabiwa sawasawa.

Halafu makamishna wanne wa tume wakajitokeza na kuyakana matokeo. Nina hakika ulisikia hoja yao ya asilimia 100.01. Walisema asilimia za wagombea wanne zikijumlishwa zinapita 100, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni kama kura 142,000. Niliposikia nilichukua kikokotoo, na nakuomba nawe uchukue chako. Kura halali za wagombea wote wanne zilikuwa 14,213,027. Asilimia 0.01 ya hizo ni kura 1,421, si 142,000. Na hata hizo 1,421 hazikuwepo. Asilimia halisi ya Ruto ni 50.4899, ikaandikwa 50.49. Ya Raila ni 48.8491, ikaandikwa 48.85. Ya Wajackoyah ni 0.436, ikaandikwa 0.44. Ya Mwaure ni 0.22505, ikaandikwa 0.23. Zote nne zilikadiriwa kwenda juu, na vijisehemu hivyo vikijumlishwa ndiyo hiyo 0.01. Hesabu hii unaweza kuwafundisha wanafunzi wako wa madarasa ya juu. Watu walilala na kuamka na nambari ile wakiamini ni ushahidi wa wizi, na inaniuma kwamba hakuna aliyekaa nao chini akaionyesha hatua kwa hatua.

Mahakama ya Juu nayo ilikuwa na siku 14 tu, kama Katiba inavyotaka. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba, wakiongozwa na Jaji Mkuu Martha Koome, waliyathibitisha matokeo. Najua wengi Kisumu hawakuridhika. Naomba tu ukumbuke kwamba mahakama hiyohiyo, miaka mitano kabla, tarehe 1 Septemba 2017, iliufuta uchaguzi wa rais kwa ombi la Raila huyohuyo. Si mahakama iliyozoea kumwogopa aliye madarakani.

Kwa hiyo mimi, kwa ushahidi nilioupitia, siamini kwamba ushindi ule ulitengenezwa. Unaweza kutokubaliana nami, na sitakuona mjinga. Kinachonisumbua zaidi ni kilichofuata. Muhula wa mwenyekiti Wafula Chebukati uliisha Januari 2023, na tume ikakaa bila mwenyekiti wala makamishna hadi Julai 2025. Miaka miwili na nusu! Maeneobunge yalikaa bila mbunge kwa sababu hapakuwa na wa kuitisha uchaguzi mdogo. Ukitaka kuona jeraha halisi la uchaguzi wa 2022, mimi nalionea hapo kuliko kwenye seva, zile kompyuta za tume ambazo wengi hudai zilificha matokeo halisi. Huwezi kumwambia mtu aiamini tume ambayo viti vyake ni vitupu.

Sasa unga.

Mwaka 2013 deni la taifa lilikuwa karibu shilingi trilioni 1.9. Kufikia Juni 2022, miezi miwili kabla ya kura, lilikuwa limefika trilioni 8.6. Ndani yake kulikuwa na reli mpya ya SGR, barabara, na Eurobond ya mwaka 2014, mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, ambayo dola bilioni 2 zake zilipaswa kulipwa zote kwa mkupuo mmoja Juni 2024. Tarehe ile ilijulikana miaka kumi kabla. Ruto alikuwa naibu rais deni hilo likipanda, na Raila alikuwa ameshirikiana na serikali hiyohiyo tangu handsheki ya Machi 2018, alipopatana na Rais Uhuru Kenyatta. Hakuna kati yao aliyekuwa mgeni wa deni lile.

Ongeza ukame, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha kaskazini na mashariki mwa nchi. Ongeza vita vya Ukraine vilivyopandisha ngano, mbolea na mafuta. Kisha shilingi, iliyokuwa karibu 120 kwa dola wakati wa uchaguzi, ikateleza hadi karibu 160 Januari 2024, kwa sababu wawekezaji walikuwa wakihesabu miezi kuelekea Juni na kujiuliza kama Kenya italipa. Kila lita ya petroli na kila chupa ya mafuta ya kupikia hununuliwa kwa dola kabla haijafika dukani kwako. Ukilipa bei ya chupa ile, ulikuwa unalipa pia hofu ya wakopeshaji wa London na New York.

Ule unga wa shilingi 100 wa Julai 2022 lazima niuzungumzie, kwa sababu naona umewaharibia watu wengi kumbukumbu. Wiki chache kabla ya uchaguzi serikali ya Uhuru Kenyatta iliteremsha pakiti ya kilo mbili kutoka zaidi ya shilingi 200 hadi 100. Wengi hamkuiona dukani, lakini bei ile ilibaki vichwani. Ilikuwa ruzuku ya mwezi mmoja iliyokuja na kura na kuondoka na kura. Petroli vilevile ilikuwa ikishikiliwa kwa ruzuku. Ruto alipoapishwa tarehe 13 Septemba alisema wazi kwamba ruzuku ya mafuta ilikuwa imekula shilingi bilioni 144, na siku ya pili yake petroli Nairobi ikapanda kutoka 159.12 hadi 179.30 kwa lita. Mwananchi aliyeona mambo hayo mawili yakifuatana, kutangazwa kwa mshindi kisha kupanda kwa bei, angefanyaje asiyaunganishe? Mimi nisingewalaumu. Lakini ile bei ya zamani ilikuwa imeshikiliwa kwa pesa ambazo Hazina haikuwa nazo, na Raila angeukuta mkoba uleule.

Hadi hapa nimekuwa nikiipunguzia serikali lawama. Sasa niigeukie.

Kuondoa ruzuku ni jambo moja, na kuongeza kodi juu yake ni jambo jingine kabisa. Julai 2023 VAT ya mafuta, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, wakati mafuta yenyewe tayari yalikuwa ghali. Septemba mwaka huo lita ya petroli Nairobi ilifika shilingi 211.64. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ukaingia kwenye mshahara, Mahakama Kuu ikauona unakiuka Katiba Novemba 2023, ukarudishwa kwa sheria mpya Machi 2024. Hayo hayakutoka kwa wakopeshaji wa London. Yalikuwa maamuzi ya watu walioketi Nairobi, na wangeweza kuamua vingine: kuanza na safari, magari na ofisi mpya zilizokuwa zikiundwa, kisha ndiyo waje kwako.

Umenitumia nambari za hati yako ya mshahara, shilingi 30,000 kwa mwezi, ukasema nisijali kuzitaja. Mwaka 2022 ulikatwa 200 za NSSF, akiba ya uzeeni, na 900 za NHIF, bima ya afya ya zamani. Leo unakatwa NSSF 1,800, bima mpya ya afya 825 na ushuru wa nyumba 450. Yaani kutoka 1,100 hadi 3,075. Kodi yako ya mapato imeshuka kidogo, kwa sababu tangu mwisho wa Disemba 2024 makato hayo huondolewa kabla ya kodi kupigwa, kwa hiyo kwa hesabu yangu umepoteza mfukoni kama 1,400 kila mwezi. Haki itendeke hata kwa NSSF: ile 1,800 ni akiba yako, na mwajiri wako anapaswa kuongeza kiasi hichohicho juu yake. Nenda ukakague kama anaipeleka, maana shule nyingi za kibinafsi hukata na kunyamaza. Lakini akiba ya uzeeni hainunui unga Ijumaa hii, nalielewa hilo. Hata hivyo mshahara haukuongezwa, na bei zilizopanda hazikurudi. Mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022 na ukawa 2.7 Oktoba 2024, nao wakubwa wakajipongeza redioni. Maana yake ni kwamba vitu viliacha kupanda kwa kasi, si kwamba vilishuka. Ndiyo maana ukisikia uchumi umetulia unahisi unatukanwa.

Je, Baba angeshinda ingekuwaje? Swali hili kwa kawaida halina jibu, lakini historia imetupa kitu kinachokaribiana na jibu. Tangu Agosti 2024 Waziri wa Fedha ni John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM, chama cha Raila, na aliyezipinga vikali kodi za 2023. Sasa yeye ndiye husoma bajeti. Ushuru wa nyumba bado upo. VAT ya mafuta ilibaki 16 mwaka 2025. Simsemi kwa ubaya, kwani najua anachokikuta mezani: zaidi ya nusu ya kodi inayokusanywa huenda kulipa deni kabla hajagusa mshahara wa mwalimu au dawa ya zahanati. Ni kweli pia kwamba hakai kiti cha rais na hawezi kugeuza kila kitu. Lakini ukiniuliza kama kubadilisha jina kwenye fomu ya Bomas kungeteremsha bei ya unga, namtazama Mbadi, na nakuambia kwamba sioni hivyo.

Ndiyo sababu maandamano ya Jumatatu ya Machi 2023 yalinihuzunisha, ingawa njaa iliyowatoa watu nyumbani ilikuwa ya kweli. Watu walivaa sufuria vichwani. Kelele zilikuwa mbili kwa wakati mmoja: fungua seva, na punguza bei ya unga. Watu waliuawa, Kisumu mnajua zaidi yangu. Kisha viongozi wakaenda mezani Bomas, Kalonzo Musyoka upande wa upinzani na Kimani Ichung'wah upande wa serikali, na ripoti ikatoka Novemba. Kuhusu vyeo waliafikiana, wakapendekeza hata ofisi rasmi ya kiongozi wa upinzani. Kuhusu kodi zilizopandisha gharama ya maisha hawakuafikiana. Uchungu wa kura na uchungu wa unga vikifungwa kwenye leso moja, mwenye kuifungua ni mwanasiasa, na atatoa kilicho chake kwanza.

Linganisha na Juni 2024. Vijana wale hawakuuliza nani alishinda 2022. Waliuchukua Mswada wa Fedha, uliotaka kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 340, wakautafsiri kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili, Sheng, Kijaluo, Kikalenjin, hata kwa lugha ya ishara. Walijua VAT ya mkate iko wapi na ushuru wa magari uko wapi. Eldoret waliandamana, Nyeri waliandamana, kule kulikompa Ruto kura. Tarehe 25 waliingia Bunge, na tarehe 26 rais akakataa kuutia mswada sahihi. Gharama yake ilikuwa ya kutisha: watu wasiopungua 50 waliuawa kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na wapo waliotekwa nyara. Siwezi kuuita ushindi mbele ya mama zao. Lakini mlango walioubisha ulikuwa mlango sahihi. Na jambo ambalo wengi hawakulifuatilia ni kwamba Disemba mwaka huohuo baadhi ya mapendekezo yale yalirudi kupitia sheria nyingine ya marekebisho ya kodi, wakati watu wakiwa kwenye mabasi ya Krismasi.

Kwa hiyo kalenda yako ya hasira, ukiniruhusu kuiita hivyo, isiwe ya miaka mitano. Kati ya Februari katikati na Juni mwisho ndipo mfuko wako unapoamuliwa. Taarifa ya sera ya bajeti hufika Bunge kufikia tarehe 15 Februari, makadirio na Mswada wa Fedha kufikia 30 Aprili, na kamati ya fedha hulazimika kupokea maoni ya wananchi. Barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa walimu 40 wa shule za kibinafsi Kisumu, yenye hati za mshahara kama hii yako, hupewa nambari na huingia kwenye kumbukumbu. Nimesoma ripoti za kamati hizo. Wenye benki na wenye viwanda huandika kila mwaka, tena kurasa kwa kurasa. Walimu wa shule za kibinafsi sijawahi kuwaona humo.

Kuhusu shemeji yako. Nadhani ugomvi wenu si wa Ruto na Raila kama mnavyoudhania. Wewe unanunua unga, yeye anauza mahindi. Gunia likipanda bei yeye analipa karo, wewe unaruka chakula cha mchana. Serikali ikiruhusu mahindi ya nje yasiyolipiwa ushuru, wewe unapumua, yeye anakwama na magunia ghalani. Mpasuko huu ulikuwepo chini ya Moi, chini ya Kibaki na chini ya Uhuru. Kitu kimoja tu huwafaa nyote wawili, nacho ni yeye kuvuna gunia lilelile kwa gharama ndogo. Mbolea ya ruzuku iliyoshushwa hadi shilingi 2,500 kwa mfuko ilikuwa hatua ya maana, ingawa 2024 wakulima kadhaa waliuziwa mbolea ghushi. Muulize yake ilikuwaje. Nina hakika ana hasira zake ambazo hajawahi kukuambia, kwa sababu anaogopa utazitumia kumsuta.

Foleni ya 2027 ipange. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti, na tume sasa ina mwenyekiti na makamishna. Hakikisha jina lako liko kwenye daftari mapema, usingoje wiki ya mwisho. Na ukimaliza kupiga kura, nenda nyumbani ukapumzike, kisha asubuhi yake rudi kituoni ulipopigia kura, upige picha ile Fomu 34A iliyobandikwa mlangoni. Mwambie shemeji afanye hivyohivyo kwake. Halafu kila mmoja afungue tovuti ya tume aitafute fomu ya kituo chake, alinganishe tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, mpelekee wakili siku hiyohiyo, kwa sababu ombi la kupinga matokeo ya rais lina siku saba tu tangu kutangazwa.